Salamu Iliyomfukuza Ndege

Sur, Mfunguo Saba

Mdogo wangu Zuwena,

Kabla ya salamu nakuomba radhi. Barua yako ilinifikia mwezi wa Shaaban, na sasa tumo katika Mfunguo Saba. Ni miezi minane. Sitakuletea visingizio vya posta wala vya macho: posta ya Sur haina kosa, na miwani yangu ni mipya. Nilinyamaza kwa sababu uliniuliza jambo ambalo jibu lake ni ndiyo au la, nami sikuwa na hata moja kati ya hayo mawili. Ulipokuwa mdogo nilikukataza kujibu swali kabla ya kulisoma mpaka mwisho. Nimejifunza uzeeni kwamba mtu anaweza kulisoma swali mpaka mwisho mara arubaini na bado asilijibu.

Basi assalamu alaykum, wewe na walio karibu nawe huko Perth.

Ulisema kwa mistari minne tu kwamba Harith amekuposa, kwamba wewe umeridhia, na kwamba hutaolewa naye mpaka mimi, walii wako tangu alipofariki baba, nitoe idhini. Baada ya hapo ukaandika kurasa mbili za ndege. Batamaji weusi wameangua, mwari wamerudi, maji ya ziwa yamepanda mpaka kwenye njia ya mbao. Nilimsomea Bi Rukia barua yote, nikamwambia, "Tazama, jambo kubwa kalipa mistari minne, na bata kawapa kurasa mbili."

Akanijibu bila ya kuacha kuchambua mchele, "Kakujua. Angalianza na kurasa mbili za Harith, ungaliitupa."

Huyo ndiye wifi yako, na tangu siku ile hajanipa raha. Kila akipita karibu na meza yangu huniuliza, "Bado umeiatamia barua ya watu? Kuku mwenyewe hulalia siku ishirini na moja." Miezi minane, Zuwena, nimekuwa mdogo kuliko kuku ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nataka kwanza tukumbushane, kwa sababu idhini inayotolewa bila ya kumbukumbu ni muhuri uliogongwa juu ya karatasi tupu.

Ulipokuja Sur baada ya kumaliza eda ya marehemu Nassor, nilitarajia uje na masanduku yako yote. Ulikuja na sanduku moja na mfuko wa kamera. Wakati huo nilikuwa bado nafundisha skuli. Tangu tuliporudi kutoka Unguja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nilikuwa nikipita kila siku kando ya khori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji na kubaki matope matupu maji yanapokupwa, na sikuwa nimepata kumwona ndege hata mmoja. Ndege walikuwapo. Mimi ndiye niliyekuwa nikitazama saa.

Siku ya pili tu uligonga mlango wangu baada ya sala ya alfajiri. "Kaka, hebu twende ukanionyeshe maji." Nikadhani unataka kuangalia bahari kama watu wengine. Ulivua viatu, ukaingia matopeni mpaka kwenye vifundo vya miguu, ukaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, ukainama. Mbele yako walikuwa wamesimama heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, kiasi cha thelathini, vichwa vimeingia majini. Jirani yetu Mbarak, yule muuza masufuria wa sokoni, alikuona kwa mbali akatujia mbio, kanzu kaikusanya mkononi.

"Mwalimu! Wapimaji wa viwanja wamekuja, nawe hukunambia? Mwambie bibi huyu aanzie kwangu. Mpaka wangu una ugomvi."

Ukamjibu kwa adabu, "Ammi Mbarak, mimi natazama ndege tu."

Akakutazama wewe, akaitazama ile miguu mitatu, akanitazama mimi. "Na ndege nao wanapewa viwanja siku hizi?"

Ulicheka sana. Mimi sikucheka. Njiani kurudi nilikukemea, na maneno yangu nayakumbuka yote, kwa sababu nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nilisema kwamba mwanamke wa heshima, mjane, dada wa mwalimu, hainami matopeni mbele ya soko zima kwa ajili ya kuku wa baharini. Ulinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha ukaniambia, "Kaka, Nassor alipoondoka kila mtu alinambia nikae nyumbani ninyamaze. Nyumbani kimya kilinishinda. Kule ziwani kimya kina kazi."

Sikukuelewa, nikafanya jambo nililozoea kulifanya nisipoelewa: nikabadilisha mazungumzo. Hata hivyo, miezi mitatu uliyokaa kwetu nilikwenda nawe khori kila asubuhi ya Alhamisi na Ijumaa. Nilijiambia kwamba nakulinda. Ulinifundisha kumtofautisha yangeyange mweupe na kulasitara mwenye rangi ya moshi, na kumjua membe kwa anavyoruka. Uliporudi Australia nikaendelea kwenda peke yangu, nami sikumwambia mtu.

Mwaka juzi, nilipostaafu, ukanialika. Unakumbuka nilivyoshuka uwanja wa ndege na koti la marehemu baba, kwa sababu uliniandikia kwamba Agosti kwenu ni baridi, nami sikuamini mpaka nilipoisikia mifupani. Ulinipeleka kwenye lile ziwa lililo katikati ya mji, limezungukwa na nyumba na barabara, na bado lina mafunjo marefu kuliko mtu na ndege wengi kuliko watu wa Sur. Siku tatu za mwanzo tulitembea kandokando tu. Nilimwona domomwiko akichota maji kwa mdomo wake kama mpishi anayeonja mchuzi, na nilitaka kumpelekea Bi Rukia habari hiyo siku ile ile.

Siku ya nne ulinipeleka kwenye kibanda. Nakieleza kwa ajili ya Bi Rukia, ambaye ataisoma barua hii kabla haijafika posta: ni chumba kidogo cha mbao kilichojengwa juu ya maji, kina benchi moja na mwanya mrefu ukutani, na watu hukaa humo wakawaona ndege bila ya ndege kuwaona wao. Mlangoni ulinishika mkono ukaninong'oneza, "Kaka, humu hakusemwi." Nikaitika kwa kichwa. Nilifahamu kwamba hayasemwi maneno ya upuuzi. Haikunipitikia hata kidogo kwamba kuna mahali duniani ambapo mtu huingia, akawakuta watu, asitoe salamu.

Ndani walikuwamo watatu: mzee wa Kizungu, mkewe, na mtu wa makamo aliyekuwa amebandika jicho kwenye kamera. Kichwani alikuwa na kofia ya kushonwa kwa mkono, kofia ya kwetu hasa, yenye vitundu na nyuzi za zambarau. Zuwena, nilikuwa na siku nne sijaiona kofia. Nikasimama katikati ya kile chumba, nikatoa sauti ile iliyokuwa ikifika mpaka benchi la nyuma.

"Assalamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh!"

Kukasikika mchakacho mmoja katika mafunjo, karibu kabisa na mwanya. Mzee wa Kizungu akafumba macho. Mkewe akashusha darubini yake mapajani taratibu, kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Yule mwenye kofia akaondoa jicho kwenye kamera. Alibaki hivyo kwa muda wa pumzi moja. Kisha akainuka, akauvua mkanda shingoni, akaiweka kamera benchini, akanijia kwa mikono miwili.

"Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Khabari? Ulumu? Yapi mapya?"

"Hapana ulumu ila kheri. Habari za safari, mzee? Habari za Sur? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Na wa kwenu?"

"Hawajambo wote. Mvua kule imenyesha?"

"Imenyesha kidogo milimani. Jina lako nani? Mtoto wa nani?"

Nilimuuliza jina lake, la baba yake, la babu yake, walikotoka Oman, walikopita Afrika, na kilichomfikisha huko. Alinijibu moja baada ya moja, amesimama, wala hakuruka hata moja. Ni Harith, babu yake mtu wa Manah, yeye mwenyewe mzaliwa wa Tabora, mama yake Mnyamwezi, kazi yake kusafisha filimu katika duka la picha mjini. Tulichukua kiasi cha dakika kumi. Wewe ulikuwa umeegemea mlangoni, mabega yakitetemeka, nami nikadhani unalia kwa furaha ya kuona watu wa kwetu wamekutana ugenini.

Garini ndiko uliponieleza. Ndani ya kibanda kile limetundikwa daftari kwa kamba, na kila mtu huandika ndege aliowaona. Ulinitajia alichoandika yule bibi asubuhi ile: ngojamaliko mmoja, sekunde chache, akaondoka kwa sababu ya salamu. Ukanieleza huyo ngojamaliko ni nani. Ni ndege wa rangi ya majani makavu, hujificha mafunjoni, na akihisi mtu husimama wima mdomo juu, akawa unyasi mmoja kati ya nyasi. Kuna watu wanaokaa kando ya ziwa hilo maisha yao yote wasimwone. Harith alikuwa akimngojea tangu mvua za kwanza za mwaka ule, kila siku kabla ya kwenda kazini. Asubuhi ile ndiyo mara ya kwanza alipotoka nje ya mafunjo, akasimama mbele ya mwanya, na kidole cha Harith kilikuwa tayari juu ya kitufe.

Nikakuuliza, "Mbona hakunambia?"

"Angekwambia saa ngapi, Kaka? Ulikuwa unamuuliza babu yake."

Tukafika nyumbani. Pale mlangoni nikasema neno ambalo nalionea haya mpaka leo: "Ndege asiyestahamili salamu hana kheri." Ukaenda kupika chai.

Harith alikuja kunichukua asubuhi iliyofuata, na iliyofuata hiyo, wiki sita, siku zote ambazo wewe ulikuwa zamu hospitalini. Hakulitaja lile jambo hata kwa mzaha. Nilimtazama kwa makini nikingoja alitaje, kwa sababu mtu akiwa na kinyongo hukitoa siku moja, na hakukitoa. Alinifundisha kushika kamera. Kiswahili chake cha bara kilinichosha. "Mzee, usiforsi hapo, lenzi itajam." Nikamwambia, "Sema usilazimishe." Akasema, "Sawa, mzee. Usilazimishe hapo, lenzi itajam." Nilipoona batamaji kwa mara ya kwanza nilimwuliza kwa mshangao vipi wakawa weusi, maana vitabuni nimewasoma weupe. Akanijibu huku akibadilisha filimu, "Huku, mzee, weusi ndio wenyeji." Hapo nilicheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliponiona nikicheka.

Uliponisindikiza uwanja wa ndege ukanivisha shingoni kamera yako ya zamani. Ukasema, "Peleka khori." Hukusema neno lolote juu ya Harith. Sasa najua kwamba mlikuwa mmekubaliana nimwone kwanza kama mtu, na baadaye kama mchumba. Mlifanya vyema. Ningaliambiwa mapema, ningalimtazama kwa jicho la mkaguzi wa mitihani.

Barua yako ilipokuja nilifanya linalopasa. Baada ya Idi nilikwenda Manah kuwauliza watu wake, kama inavyoulizwa. Nilipokewa na shangazi yake, bibi mwenye ulimi mwepesi, akanikalisha kivulini kando ya falaji, ule mfereji wa kunyweshea mitende. Nilimuuliza juu ya mama yake Harith, kwa sababu nilijua ndipo nitakapobanwa na wa kwetu. Akasema, "Yule Mnyamwezi? Tuliporudi kutoka bara watoto wetu walikuwa hawajui hata Alifu. Sisi tulikuwa tunaisoma Kurani. Yeye ndiye aliyejua kuisomesha. Hao unaowaona msikitini leo, nusu yao wamepita mkekani kwake." Kisha akaniuliza, "Na nyinyi dada yenu ana tabia gani? Maana na sisi tunauliza." Nikamjibu kwamba ni mkaidi na ni mkweli. Akasema, "Basi watawezana."

Kutoka Manah nilikwenda Ibra kwa Ammi Hamed. Unamjua: ndiye mkubwa wa ukoo wetu uliobaki, na hakuna ndoa yetu iliyofungwa bila ya yeye kukaa mbele. Nilimweleza yote. Alinisikiliza, akamimina kahawa, akasema, "Mzaliwa wa Tabora. Mama Mnyamwezi. Kazi yake kupiga picha bata. Katika hayo matatu, Mwalimu, lipi la kupokelea posa?"

Nakuandikia wazi ili usije ukalisikia kwa mwingine. Mimi, niliyekuwa nikiwasimamisha watoto wa watu kwa kuchelewa kujibu, nilikunywa kahawa ya Ammi Hamed, nikarudi Sur bila ya kumjibu.

Na lipo la pili, ambalo si la Ammi Hamed, ni langu mimi. Uliporudi Australia baada ya ile miezi mitatu nilikujengea chumba. Kiko juu, upande wa khori, na dirisha nililiagiza liwe kubwa kuliko madirisha yote ya nyumba ili uweze kusimamisha kamera. Sikukwambia. Nilikuwa nimeamua moyoni kwamba utachoka na ugeni, utarudi, utakaa humo, nami nitakuwa nimekutunza kama alivyoniusia baba. Ukiolewa na Harith hutarudi. Kila nilipokaa kuandika "nimeridhia," nilikiona kile chumba. Nilijidanganya kwamba nafikiria ukoo, kumbe nilikuwa nafikiria dirisha. Juzi nilimkiria Bi Rukia, naye akaniambia, "Chumba kizuri. Nami nilikuwa sina pa kuweka cherehani." Jana ameihamisha.

Lililonifungua mdomo limetokea wiki iliyopita.

Heroe wamerudi khori, kama kila majira ya baridi. Mwaka huu nilitaka picha moja tu: heroe akikimbia juu ya maji kabla ya kuruka, akifungua zile mbawa zake ambazo chini yake ni nyekundu na nyeusi. Nimepoteza filimu tano kwa jambo hilo. Siku ya Jumanne nilikaa kwenye gogo tangu jua lilipochomoza, kimya, sikohoi. Maji yalikuwa yametulia kama kioo cha taa. Wakaanza kusogea, mmoja akanyoosha shingo, akapiga hatua ya kwanza ya mbio, nami nikashika pumzi.

"Assalamu alaykum, Mwalimu!"

Alikuwa Mbarak, nyuma yangu, na sauti yake waijua. Nikainua mkono bila ya kugeuka.

"Mwalimu, khabari? Ulumu? Umeamkaje?"

Nikasema, "Shh!"

Zuwena, nilimwambia mtu mzima, jirani yangu wa miaka kumi na zaidi, aliyenipa salamu, "Shh," kama anavyoambiwa paka jikoni. Picha niliipata. Nilipogeuka, Mbarak alikuwa ameshakwenda zake, namwona mgongo tu.

Hakunisalimu msikitini adhuhuri, wala alasiri. Baada ya magharibi nilichukua halua, nikaenda kwake. Alinikaribisha kwa sababu ni mtu wa adabu, akaniwekea kahawa. Nikamwomba radhi. Nikamweleza kwamba ndege alikuwa karibu kuruka.

"Mimi nilidhani umefiwa," akasema. "Nikamwambia mke wangu, Mwalimu hakuitika salamu, bila ya shaka pana msiba. Akaniuliza nani kafa. Nikasema sijui, lakini kafa mtu mkubwa. Tukakaa tunasubiri tutangaziwe. Kumbe ndege!"

"Nimekosa, Mbarak."

"Na picha umeipata?"

"Nimeipata."

"Basi nitundikie na mimi moja dukani. Niwaambie watu, hii ndiyo iliyonikosesha salamu yangu." Akacheka, tukala halua, yakaisha.

Kwa Mbarak yakaisha. Kwangu hayakuisha. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa ndani ya kile kibanda chenu cha mbao. Mimi nina miaka sitini na nne. Nimefundisha adabu kwa miaka mingi kuliko umri wa Harith. Heroe hurudi kila mwaka, kwa mamia, na jirani aliyenisalimu ni mtu niliyemzoea. Kwa ajili ya ndege wa kila mwaka nilimnyima mtu salamu. Harith alikuwa na ndege wa mara moja, na mtu aliyeingia akipiga kelele alikuwa mgeni asiyepata kumwona, aliyeivunja sheria ya mahali. Hakuna ambaye angalimlaumu kama angaliniinulia mkono kama nilivyomwinulia Mbarak. Alikuwa na pumzi moja ya kuchagua, nami niliiona ile pumzi kwa macho yangu. Aliweka kamera chini, akaniuliza kama mvua imenyesha.

Kama ndivyo anavyomfanyia mgeni anayemharibia, najua atakavyomfanyia mke atakapomharibia, na wewe utamharibia, maana mimi ndiye niliyekulea.

Nilimweleza Bi Rukia haya yote usiku ule ule. Nilitarajia atalia. Akasema, "Yaani miezi minane yote ulikuwa unamngoja Mbarak apite?"

Basi jibu langu ni hili, nami naliandika kwa wino ili lisifutike: nimeridhia. Nimeridhia kama walii wako, na kama kaka yako, na sina sharti lolote juu ya mahali utakapoishi. Msomee Harith barua hii yote, na ile habari ya kumwita ndege hana kheri usimfiche. Mwambie namwomba radhi kwa ngojamaliko wake.

Alhamisi ijayo nakwenda Ibra. Safari hii siendi kumwuliza Ammi Hamed, nakwenda kumwarifu, na zile hoja zake tatu nimezijibu zote kichwani mpaka nazijua kama sura fupi. Tabora walizaliwa watu wema kama walivyozaliwa Ibra. Mama Mnyamwezi aliwasomesha Kurani watoto wa Manah, na Ammi akitaka ushahidi nitampakia kwenye gari nimpeleke kwa yule shangazi, naye ajaribu kubishana naye. Kuhusu kazi ya kupiga picha bata, nitamwambia kwamba na mimi ndiyo kazi yangu ya uzeeni, na kama ni aibu basi aanze kunitoa mimi katika ukoo. Atamimina kahawa kwanza, namjua. Kisha atatoa uamuzi wake, na uamuzi alio nao ni mmoja tu: ama atakaa mbele katika ndoa yako, ama hatakaa. Kwamba itafungwa au haitafungwa, hilo limekwisha kuamuliwa kwenye meza hii.

Akikubali, ndoa itafungwa Ibra, mbele ya jamaa wote, na mtakuja nyinyi wawili. Akikataa, nitapanda ndege peke yangu nije nikuozeshe kwa mkono wangu huko huko Perth, na yule mzee wa Kizungu na mkewe waalikwe karamuni, kwa sababu nina deni la radhi kwao pia.

Siku Ammi Hamed atakapotamka nitakuandikia kabla ya kulala. Itakuwa barua fupi kuliko zote nilizopata kukuandikia, ya neno moja. Ukisoma "njooni," fungeni mizigo. Ukisoma "nakuja," nisubiri uwanja wa ndege, na uje na koti.

Ni mimi kaka yako,
na walii wako